Heshima ya ualimu ilipotelea mlangoni, kabla hata ya kufika kwenye mshahara

Mwana Kiziba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likitajwa huishia kwenye mishahara na posho, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Februari 2009, Bukoba, mkuu wa wilaya wa wakati huo, Albert Mnali, aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, na askari akawachapa. Sababu iliyotolewa ni matokeo mabaya ya darasa la saba, pamoja na utoro na uchelewaji kazini. Siku chache baadaye Rais Kikwete alimfuta kazi mkuu huyo, na kwa hilo tulishukuru. Ila mimi ni mtu wa Kagera, na kilichoniuma kuliko viboko vyenyewe ni maneno ya mitaani wiki ile. Wapo waliosema kwa sauti kwamba walistahili. Wapo waliocheka. Na huo ni mkoa ambao wazee wake walikuwa tayari kuuza shamba la migomba mtoto asome.

Jiulizeni: ni mkuu gani wa wilaya angeamuru madaktari 19 wachapwe kwa kuwa mwaka huo wagonjwa wengi wamefariki? Wazo lenyewe lisingemjia kichwani. Kwa walimu lilimjia, akalitamka, na akapata wa kulitekeleza. Kwa hiyo heshima ilikuwa imeshaondoka kitambo kabla ya siku ile. Swali langu ni lini, na kupitia wapi.

Turudi nyuma. Nyerere alikuwa anafundisha Pugu alipotakiwa kuchagua kati ya kazi na TANU, akaacha kazi Machi 1955. Fikirieni uzito wa uamuzi ule kwa wakati ule: alikuwa anaacha mojawapo ya kazi za juu kabisa ambazo Mwafrika angeweza kuzipata. Baada yake, Mzee Mwinyi alikuwa mwalimu na mkuu wa chuo cha ualimu kule Zanzibar, na Magufuli aliwahi kufundisha kemia na hisabati Sengerema. Nchi imeongozwa na marais watatu waliosimama ubaoni, na bado mtoto wa kidato cha nne ukimwambia asome ualimu anakuona humpendi.

Mimi naona mambo yaligeuka mlangoni, pale watu wanapoingizwa kwenye kazi hii. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi ya elimu ya msingi. Wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka milioni moja na ushee hadi zaidi ya milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 80. Walimu wa kuwafundisha hawakuwepo, vyuo visingeweza kuwatoa haraka hivyo, ndipo serikali ikachukua makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha huko huko vijijini kwa miaka mitatu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi anafundisha darasa la kwanza na la pili, mchana yeye mwenyewe ni mwanafunzi mbele ya mratibu, jioni anafuata masomo ya redio na kujaza maswali ya kozi ya posta. Nilizikuta karatasi zake: mwandiko umenyooka, makosa yamesahihishwa kwa wino mwekundu, tarehe juu ya kila karatasi. Kazi aliyofanya yeye na wenzake ilikuwa kubwa. Hakuna nchi jirani iliyowafundisha watu wengi namna ile kusoma na kuandika kwa muda mfupi vile.

Lakini jina likatoka: "mwalimu wa UPE", yaani wa ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Likawa tusi. Mtu akikosea hesabu dukani anaulizwa kama alifundishwa na UPE. Serikali iliyowaita kwa dharura haikusimama hata siku moja kuwatetea kwamba hawa ni askari wetu wa mstari wa mbele.

Kisha tukarudia. MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza mwaka 2002 mafunzo ya ualimu yakafupishwa, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni kwa vitendo. Sekondari za kata zilipofumuka, ndani ya miaka kama mitano shule za sekondari za serikali zikatoka elfu moja na ushee hadi zaidi ya elfu tatu, na vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa leseni za kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache. Wananchi wakawapa jina la vocha za simu, "Voda Fasta", wengine wakawaita "yeboyebo". Mbaya zaidi, kwa miaka kadhaa vyuo vya ualimu vilipokea daraja la nne, la mwisho kabla ya sifuri kwenye kidato cha nne. Hapo ndipo msemo ukaingia kila nyumba siku ya matokeo: ukikosa kote, ualimu upo.

Kazi inayopokea yeyote aliyekataliwa kwingine haiwezi kuheshimiwa, hata ukiilipa. Jamii inasoma mlango. Kama mlango uko wazi kwa aliyeshindwa, basi wote waliomo wanahesabiwa wameshindwa, wakiwemo waliofaulu vizuri wakachagua wenyewe kuwa walimu. Kisha walioingia kwa mlango ule ndio wakapelekwa kwenye shule za kata zisizo na maabara, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri, nchi nzima ikamgeukia mwalimu. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakapangwa upya, lakini lawama haikupangwa upya.

Nisikie wenzangu mnasemaje. Naomba tu tusianze na "wana njaa".

Ticha Mstaafu wa Butimba

Mwanangu, nimesoma mara mbili. Mlango ni kweli, ila umeacha jambo kubwa ambalo sisi wa zamani tulikula matunda yake bila kulitolea jasho.

Nilimaliza chuo cha ualimu Butimba, Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 60, nikapangiwa kijiji kimoja Usukumani. Msimu wa pamba wakulima walikuwa wakitoka kwenye mizani ya chama cha ushirika wananipitia nyumbani na stakabadhi: "Mwalimu, hebu tusomee, wameandika kilo ngapi?" Siku moja niligundua mama mmoja mjane ameandikiwa pungufu. Nikaongozana naye mpaka kwa karani, kitabu kikafunguliwa, akalipwa haki yake. Kuanzia siku hiyo kijiji kile sikununua kuku. Barua kutoka Dar nilizisoma mimi, majibu niliandika mimi, kwa hiyo siri za nyumba nyingi zilikuwa kifuani mwangu. Kwenye mkutano wa tawi mimi ndiye katibu. Posa nilishirikishwa.

Ile heshima ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye uhaba. Nilikuwa nacho ambacho wengine hawana. Sasa mama yako na wenzake wakawafundisha watu wote kusoma. Leo kijiji kile kina vijana wenye shahada wanaouza vocha, na mkulima anasoma ujumbe wa malipo kwenye simu yake mwenyewe. Mwalimu amefanikiwa hadi akajiondolea umuhimu wa namna ile. Sisikitiki hata kidogo. Nilitamani iwe hivyo.

Kwa hiyo tusimdai kijana wa leo aheshimiwe kwa namna niliyoheshimiwa mimi. Atafute ya kwake. Na hiyo itatokana na jambo moja, mtoto atoke darasani kwake akiwa anajua.

Shangazi wa Mbagala

Shikamoo mzee. Mwanzisha uzi, pole kwa ya mama, Mungu amtunze. Lakini mnawatetea walimu kana kwamba wao wenyewe hawana mkono katika hili. Mimi ni mzazi wa watoto wanne waliosoma shule za serikali, niacheni niseme.

Oktoba 2016 tuliona wote ile video ya Mbeya, vijana wa mafunzo kwa vitendo wamemzunguka mwanafunzi mmoja ofisini wanampiga makofi, ngumi na mateke kama kibaka. Wizara ikaagiza wafukuzwe vyuo. Agosti 2018, Bukoba hiyo hiyo unayoitaja, mtoto wa darasa la tano wa shule ya msingi Kibeta alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Mzazi aliyeona hayo, kesho yake mtoto akirudi na alama ya fimbo mgongoni, unadhani atakwenda shule kwa adabu? Ataenda na shuka kiunoni.

Halafu tuisheni. Shule moja ambayo sitaitaja, binti yangu akiwa darasa la sita, asiyetoa mia tano ya tuisheni anatolewa nje wenzake wanafundishwa, na kilichofundishwa pale ndicho kinachotoka kwenye zoezi la kesho. Yule mwalimu nilikuwa nikimheshimu. Nilimwomba tuongee, akaniambia hata yeye ana watoto. Nikamwelewa, ila heshima haikurudi.

Na madeni. Mtaani kwangu kuna mwalimu mzuri sana wa hisabati, kadi yake ya benki inakaa kwa mtu wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Mwisho wa mwezi wanaongozana hadi kwenye mashine, mkopeshaji anatoa kwanza chake, mwalimu anapewa kilichobaki pale pale mbele ya foleni. Wanafunzi wake wanapita. Mnaona ugumu wake?

Mwana Kiziba

Shangazi, ya Mbeya na Kibeta sina la kuyatetea, na aliyeua au kujeruhi mtoto asitafutiwe udhuru. Ila angalia jambo moja: daktari akimuua mgonjwa kwa uzembe, watu wanasema "yule daktari". Mwalimu akikosea wanasema "walimu". Kosa la mmoja linabandikwa kwa wote pale tu ambapo wote wameshashushwa. Hiyo ndiyo hoja yangu ya mlango.

Mzee wa Butimba, ya stakabadhi ya pamba imenigusa. Ila yule mjane alikuheshimu kwa kusoma tu, au kwa sababu ulikwenda naye kwa karani?

Mhitimu wa 2017

Mimi nina shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, daraja la pili la juu. Naendesha bodaboda Msamvu, Morogoro. Sitaki kuhurumiwa, nataka kuongezea kitu kwenye hoja ya mlango.

Mwaka 2025 tuliitwa kwenye usaili wa ajira za walimu. Nafasi elfu kumi na nne na ushee, waombaji zaidi ya laki mbili. Nilikaa kwenye ukumbi na watu waliomaliza kabla yangu, wengine na watoto mgongoni. Mtihani wenyewe sikuuchukia. Kwa kweli nilifurahi kwamba hatimaye kuna mchujo. Lakini huo mchujo umewekwa upande wa kutokea! Mfumo umenipokea chuo, umenipa mkopo wa serikali ambao nadaiwa, umeniacha nifundishe watoto wa watu miezi ya mafunzo kwa vitendo, umenipa cheti mbele ya wazazi wangu waliokuja na khanga mpya, kisha miaka minane baadaye ndiyo unauliza kama nafaa.

Abiria wangu wakijua nimesomea ualimu wanasema, "aah, ndiyo maana". Hawaniulizi nilipata ngapi. Kwenye kijiwe chetu tuko wanne wenye vyeti vya ualimu. Mtoto ninayempakia kwenda shule anaona mwalimu anayeendesha na mwalimu anayemsubiri shuleni, na wote wawili amesikia nyumbani kwamba ni watu waliokosa pa kwenda. Atatamani vipi?

Kama wangechukua wachache mwanzoni, kwa usaili mkali, kila aliyehitimu akapata kituo, nisingelalamika hata kama ningeachwa nje siku ya kwanza. Ningekuwa nimesoma kitu kingine.

Wakili wa Mkoani

Naunga mkono kwa mfano wa kwetu. Oktoba 2022 matokeo ya Shule ya Sheria yalitoka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Nchi ilipiga kelele, ikaundwa kamati chini ya Dkt. Mwakyembe kuchunguza. Ilikuwa aibu kwa vyuo na kwa taasisi, sisemi vinginevyo. Lakini angalieni: pamoja na aibu yote ile, hakuna aliyesema uwakili ni kazi ya waliofeli. Mlango uliwaumiza wengi, na yeyote unayemwona amevaa joho unajua amepita pale.

Madaktari vivyo hivyo. Mgomo wa 2012 uliwaudhi watu wengi, wagonjwa walirudishwa nyumbani, wananchi walikuwa na hasira. Mwaka ule ule, mwishoni mwa Julai, Chama cha Walimu, CWT, nacho kikaitisha mgomo wa walimu, Mahakama ikauzuia baada ya siku chache. Migomo miwili, mwaka mmoja, serikali moja. Daktari aliogopwa, mwalimu alikaripiwa.

Nitie tahadhari moja tu kutoka upande wetu. Mlango mgumu huleta hadhi, lakini hauleti upendo. Mawakili tunaogopwa kuliko tunavyopendwa, na mteja akitoka ofisini kwangu anahesabu kilichobaki mfukoni. Mwalimu akipata hadhi ya namna yetu peke yake, mzee wa Butimba hataitambua.

Jirani wa Kakamega

Salamu kutoka Kenya. Huku mwalimu wa msingi alihitaji alama ya C kwenye KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, kuingia chuo, kwa hiyo mlango tulikuwa nao, na bado heshima ilishuka. Nitawaambia ilivyotokea kwa macho yangu. Juni 2015 mahakama ya kazi iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haina pesa. Walimu wakagoma wiki kadhaa, shule zikafungwa, na Novemba Mahakama ya Rufani ikafuta ile nyongeza. Mwananchi wa kawaida alichojifunza ni kwamba mwalimu anaweza kushinda kortini na bado asipate kitu. Hapo watu walianza kuwaonea huruma, na ukishaonewa huruma na kila mtu, kuheshimiwa kunakuwa kugumu.

Ndugu Mwana Kiziba, mlango ni nusu. Nusu nyingine ni namna aliye juu yako anavyokutendea watu wakitazama.

Mwana Kiziba

Jirani, nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana nilianza na Bukoba. Hayo mawili kwangu ni jambo moja. Mkuu wa wilaya alithubutu kwa sababu ya mlango, na baada ya yeye kuthubutu, hata mgambo wa kijiji akaona anaweza.

Sheria yetu ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48. Iliwekwa kwa ajili ya anayehatarisha amani. Mara ngapi tumesikia mwalimu mkuu ametishiwa nayo mbele ya wazazi kwa sababu ya madawati au choo? Choo ambacho hakupewa fedha ya kukijenga! Mtoto aliyeshuhudia anarudi darasani anamwita mwalimu huyo kwa jina lake bila hata ya kutanguliza "mwalimu". Na tusimlaumu mtoto.

Baadaye serikali ilifunga mlango wa daraja la nne, na mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Wapo walimu wenzetu walioipinga, kwa hofu ya ada nyingine ya kukatwa. Mimi naiona kama nafasi yetu kubwa, kama tu itakuwa bodi ya walimu wenyewe. Aliyempiga mtoto hadi kumjeruhi aondolewe kwenye daftari na walimu wenzake, mchana kweupe, kabla mwanasiasa hajafika na kamera. Anayekaripiwa hadharani na mtu asiyejua kufundisha, bodi hiyo hiyo itoke kumtetea. Mawakili wana chama chao kinachosema. Sisi tunasubiri tamko la wizara.

Mhitimu, ya mchujo upande wa kutokea naiandika kwenye daftari langu. Hujaniacha salama.

Ticha Mstaafu wa Butimba

Umeniuliza swali, mwanangu, nalijibu. Kusoma stakabadhi wangeweza hata kwa karani mwenyewe. Nilikwenda naye. Karani alikuwa na ndugu zake kijijini pale na nilijua atanichukia, na alinichukia miaka miwili. Kwa hiyo umenisahihisha kwa heshima: uhaba ulinipa nafasi, kilichobaki nilikifanya kwa miguu yangu.

Mwalimu wa Kibondo

Niko kazini, mwaka wa kumi na moja, shule ya msingi, darasa la kwanza wanafunzi 140 kwenye chumba kimoja. Nimewasoma wote usiku huu baada ya kumaliza kupanga daftari.

Shangazi, ya kausha damu ni kweli na wengine ni wenzangu wa karibu. Mwalimu anahamishwa, fedha ya uhamisho haiji, anakopa kuhamisha familia, deni linazaa. Ukitaka kuona heshima inarudi anzia hapo: mtu alipwe stahili yake kabla hajapanda gari. Tangu 2016 mwalimu mkuu anapata posho ya madaraka ya laki mbili kwa mwezi, na mimi nimeona kwa macho walimu wakuu wetu walivyoacha kuombaomba kwa wazazi. Haikuwa fedha nyingi. Iliwaondolea tu kuinamisha kichwa.

Na jambo lingine, hapa kwetu tuliwahi kupata mratibu elimu kata aliyekuwa na utaratibu wake. Matokeo yakitoka mabaya anakuja mwenyewe, anakaa nyuma ya darasa, kwenye dawati la mtoto, vipindi vitatu. Hasemi kitu. Baadaye ofisini, mlango umefungwa, anakwambia: kipindi cha pili uliharakisha, wale wa kushoto hukuwauliza hata mara moja. Inauma kweli kweli, lakini unatoka pale unajua ameona kazi yako. Kisha kwenye mkutano wa wazazi anasimama anasema, "Walimu wangu wana watoto 140 chumba kimoja, tuleteni mawe ya msingi tujenge." Mawe yalikuja. Wazazi walewale waliokuwa wakitutukana walibeba mawe, na sasa chumba cha pili kiko usawa wa linta, kinasubiri bati.

Amehamishwa. Aliyekuja baada yake bado hatujamwona darasani.